UZI: Unataka bunduki ya kupiga mbali Tabora? Anza na umbali wako, kaliba itafuata

Msoma Nyayo (Sikonge)

Wakuu, heshima kwenu. Wa huku kwetu, mwangaluka.

Mpwa wangu amepata kibali cha kumiliki silaha ya uwindaji baada ya kuhangaika karibu mwaka mzima, na juzi kaja nyumbani na karatasi mkononi. Ameandika: kaliba (ukubwa wa risasi na ganda lake) .300 Winchester Magnum, darubini ya kukuza mara 6 hadi 24 yenye kioo cha mbele cha milimita 50, na miguu miwili ya kuegemeza mtutu. "Mjomba, nataka bunduki ya kupiga mbali." Nikamuuliza mbali wapi. Akafikiri, akasema mita 400, 500. Nikamuuliza kama amewahi kupiga kitu chochote kilicho mita 200. Hajawahi.

Nimemjibu kwa mdomo, ila maswali ya namna hii yanarudi kila mwezi wa sita, msimu wa tarehe 1 Julai ukikaribia, kwa hiyo nimeona niyaweke hapa ili na wengine wachangie. Asiye na leseni ya silaha wala ya uwindaji asinitafute pembeni. Sitamjibu.

Nimesoma nyayo kwenye vitalu vya uwindaji vya ukanda huu miaka 19. Nilianza Ugalla kabla haijapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019, na siku hizi mle hakuna uwindaji tena. Baadaye nikaenda kusini, upande wa Rungwa. Bunduki yangu ni .30-06 na nimekaa nayo muda mrefu. Ninachojua zaidi ni kukaa nyuma ya bega la mpigaji na kuangalia risasi inakwenda wapi, kisha kutembea kufuata kilichotokea.

Tuanze na nchi yenyewe. Anayeijua Tabora anajua ina sura mbili. Kuna miombo, misitu ya miyombo na mininga, ambako ukiinama kwenye nyasi baada ya moto wa kiangazi unaona mita 80, ukibahatika 150. Halafu kuna mbuga, ile ardhi nyeusi inayofurika masika na kupasuka kiangazi. Humo macho yanakwenda kilomita. Mtu akisimama ukingoni mwa mbuga mara ya kwanza anaona kongoni kule mbali na moyo unamwambia hapa panataka bunduki ya kupiga mbali. Ila hesabu mizoga: wanyama wengi niliowahi kuona wakianguka vizuri, kwa risasi moja, walikuwa ndani ya mita 150. Hata wa mbugani. Kichuguu, kichaka cha mgunga, mkondo mkavu wa maji, vyote ni njia ya kusogea. Mbuga tupu kabisa ni chache kuliko zinavyoonekana ukiwa umesimama.

Niwaeleze jambo moja linalonifanya niandike uzi huu kwa uchungu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mgeni mwenye .300 nzuri sana na darubini ya thamani kubwa kuliko nyumba yangu. Jioni, ukingoni mwa mbuga, dume la palahala limesimama ubavu. Kipima umbali cha leza kilisema mita 372. Mgeni alikuwa amepiga karatasi vizuri kambini, mita 100. Mwindaji bingwa aliniangalia, mimi nikaangalia upepo, nyasi zilikuwa zinalala kidogo kuelekea kushoto. Nilikuwa na shaka na sikusema. Risasi ikatoka, na katika ule muda wa risasi kusafiri palahala akachukua hatua moja mbele. Hatua moja tu. Tulisikia ule mlio mzito wa tumbo, sio ule mkavu wa bega. Tulimfuata mpaka giza, tukarudi alfajiri, tukamfuata mpaka saa nane mchana. Tulimpata kwa sababu ya tai. Fisi walikuwa wameshapita.

Ile bunduki haikuwa na kosa lolote. Darubini haikuwa na kosa. Risasi ilikwenda ilikoelekezwa.

Sasa hesabu. Risasi ya .308 yenye greni 168 (gramu 10.9) inatoka mtutuni kwa mwendo wa kama mita 808 kwa sekunde. Kufika mita 300 inachukua takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Mnyama anayetembea taratibu, mita moja na robo kwa sekunde, anakuwa ameshasogea nusu mita. Nusu mita kwa kongoni ni kutoka mapafuni hadi tumboni. Ukibadilisha ukachukua .300 Winchester Magnum, greni 180 kwa mita 900 hivi kwa sekunde, umepunguza muda huo kidogo sana, na yule mnyama bado anakupeleka tumboni. Kwenye jambo hili magnum, yaani ganda lenye baruti nyingi, haikuokoi.

Na kushuka kwa risasi? Ukiiseti bunduki mita 100, yaani hapo ipige palepale unapolenga, ile .308 inashuka karibu nusu mita ukifika mita 300, na ukifika 400 ni zaidi ya mita moja. Ile .300 inashuka sentimita 38 hivi kwenye 300. Tofauti yao ni kiganja kimoja. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa, ule unaotikisa majani ya miyombo bila kupinda matawi, unaisukuma .308 kama sentimita 20 kwenye mita 300. Wa .300 ni sentimita 16 hivi. Vidole viwili. Kwa vidole viwili na kiganja kimoja mpwa wangu yuko tayari kununua bunduki inayompiga teke mara moja na nusu zaidi, na teke hilo ndilo litakalomfanya afumbe macho kabla ya kufyatua. Nimeiona sana. Mtu anavuta kifyatulio huku uso umekunjamana, mtutu unashuka, risasi inapiga vumbi mita tano mbele ya mnyama.

Kaliba, basi. .30-06 ilizaliwa Marekani mwaka 1906 na bado sijaona mnyama wa nyasi wa Tabora aliyeizidi ikiwa risasi imewekwa mahali pake: swala pala, tohe, ngiri, kongoni, nyemera, kuro, palahala, korongo. Greni 180, karibu mita 820 kwa sekunde. .308 ni mdogo wake wa mwaka 1952, ganda fupi, teke dogo, na kwa mita 200 za mwanzo mnyama hatajua tofauti. .270 ya mwaka 1925 ni nyepesi na inakwenda bapa, nzuri kwa swala na tohe mbugani. Pofu ni mwili mwingine, dume linafika kilo 700 na zaidi. Kwa pofu nataka .300 au .375, na nataka kuwa karibu.

.375 H&H Magnum ya mwaka 1912 naitaja peke yake. Kwa nyati, simba na tembo ndiyo kiwango cha chini kinachokubalika hapa kwetu, na anayekuambia kuna njia nyingine anakutakia mabaya. Inarusha greni 300 kwa mita 770 hivi kwa sekunde. Watu hudhani ni bunduki ya karibu tu, lakini mpaka mita 200 inapiga vizuri kabisa. Mtu mwenye uwezo wa kumiliki bunduki moja tu na anayewinda nyati, basi ni hiyo, na aizoee teke lake taratibu.

Darubini ndipo ninapotaka watu waweke pesa, ila sio pesa za kukuza. Mara 24 ni za kuhesabia matundu kwenye karatasi. Saa sita mchana, mbuga ikiwa imechemka, mazigazi yanapanda kutoka ardhini na ukikuza sana unaona mnyama anacheza kama yuko chini ya maji. Ukikuza sana pia unaona kipande kidogo cha dunia. Mnyama akisogea humpati tena, na ndani ya miombo unaona gome la mti tu. Mara 3 hadi 9 yenye kioo cha milimita 40 imelisha watu wengi. Kwa .375 mara 1 na nusu hadi 6 inatosha.

Kuna hesabu ndogo ambayo wauzaji hawaisemi. Gawanya kipenyo cha kioo cha mbele kwa idadi ya ukuzaji, unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni. 40 kwa 10 ni milimita 4. 50 kwa 24 ni milimita 2 na kidogo, na asubuhi mapema hapo utaona giza wakati mboni ya jicho lako imefunguka milimita 5 au zaidi. Mpwa wangu hakuijua hii na alikuwa karibu kulipa.

Bei sitaandika, dola inapanda na kushuka. Nawasikiliza.

Mbuga Nyeusi (Igunga)

Mkuu Msoma Nyayo, nakuheshimu, ila hapa tutofautiane kidogo. Wewe umekaa kwenye miombo. Njoo Wembere. Mwezi wa tisa huku hakuna kichaka, hakuna kichuguu, nyasi zimeliwa na ng'ombe mpaka mizizi. Mnyama anakuona ukiwa mita 500 na anaondoka ukifika 350. Natumia 7mm Remington Magnum, greni 160, nimeiseti mita 200, na mita 300 kwangu ni pigo la kawaida. Sio kila anayepiga mbali ni mvivu wa kutambaa.

Msoma Nyayo (Sikonge)

Mkuu, sijasema ni uvivu na nisingesema hivyo kwako. Wembere naijua, nimekanyaga ile ardhi. 7mm Remington Magnum ni kaliba nzuri kwa nchi yako, risasi yake nyembamba na ndefu inakata upepo kuliko .30 yenye uzito uleule, na teke lake linavumilika. Nakuuliza kitu kimoja, na nauliza kwa nia ya kujifunza: kwa mwaka unapiga risasi ngapi za mazoezi mita 300, na unaegemeza bunduki kwenye nini, mfuko wa mchanga au fimbo?

Mbuga Nyeusi (Igunga)

Fimbo tatu zilizofungwa pamoja, nikiwa nimekaa. Risasi kama 60 kwa mwaka, kwenye uwanja wa shabaha. Na nina kanuni yangu: mnyama anayetembea sipigi hata awe mita 150, nasubiri asimame na aanze kula. Upepo ukifika wa kuinua vumbi, nafunga sefti narudi nyumbani. Mwaka jana nilirudi bila kitoweo mara nne.

Msoma Nyayo (Sikonge)

Basi wewe una mita 300 zako kihalali. Risasi 60 kwa fimbo, na kurudi mara nne mikono mitupu. Wengi wanaotaka bunduki kama yako hawataki hizo safari nne. Naongeza jambo la mnyama aliyesimama: akiinamisha kichwa kula una sekunde kadhaa, akiinua kichwa na masikio yamekuelekea, subiri, kwa sababu hatua inayofuata iko njiani.

Mwana wa Malagarasi (Kasulu)

Mwakeye wakuu. Niwaletee habari za upande wa Kigoma maana mmeongea nchi kavu tupu.

Huku kwenye maji ya Malagarasi na Moyowosi (ardhioevu yetu ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000) mnyama anayewaleta wageni kutoka mbali ni nzohe. Anaishi kwenye mafunjo, kwato zake ndefu zinamshika juu ya tope ambalo wewe unazama mpaka kiunoni. Humfuati. Unajenga dungu, kama lile la kulindia mpunga, unapanda kabla ya mapambazuko na unakaa kimya. Sheria hairuhusu kupiga usiku, kwa hiyo una ile nusu saa ya kwanza ya mwanga, jua linapochomoza na ukungu bado haujaondoka majini. Anatoka kwenye uwazi dakika mbili tatu, anarudi.

Umbali ni mita 100 mpaka 180. Sio mbali kabisa. Lakini mkuu alichosema kuhusu mwanga wa darubini huku ni kila kitu. Niliwahi kukaa dunguni na mtu mwenye darubini ya kukuza sana, akaweka mara 18, akaniambia haoni kitu, ni kijivu. Nikamwambia arudishe mpaka 6. Nzohe akatokea mbele yake kama mtu aliyewasha taa. Kioo kizuri cha Austria au cha Ujerumani, Swarovski au Zeiss, hapo ndipo kinapolipa gharama yake, na hata Leupold ya kawaida ya mara 3 hadi 9 ukiishusha inafanya kazi.

Na risasi iwe ya kumlaza palepale. Akikimbia hatua thelathini yuko ndani ya mafunjo na maji, na kuna mamba. Sisi tunapiga bega, sio nyuma ya bega. .30-06 au .300, greni 180, kichwa kigumu kinachofunguka taratibu. Kichwa laini kinapasukia juu ya mfupa.

Jambo jingine dogo: dungu linatikisika. Ukiwa watu wawili juu, mwenzako akipumua unaiona kwenye msalaba wa darubini. Mwambie abane pumzi na yeye.

Binti wa Uyui

Kaka Msoma Nyayo, shikamoo, na asante kwa uzi. Mimi mwili wangu ni mdogo, kilo 54. Nina leseni na nimekuwa nikiazima .30-06 ya kaka yangu tukienda pamoja, naye akiwepo. Inanipiga, naanza kuiogopa kabla hata sijakoki. Nimesoma kuhusu 6.5 Creedmoor, watu wa mbali wanaisifia sana. Je, kwa huku kwetu inafaa au ni mtindo tu wa Wazungu?

Msoma Nyayo (Sikonge)

Marahaba dada yangu. Swali lako ni la maana kuliko yote humu.

6.5 Creedmoor ilitolewa na Hornady mwaka 2007, na ilitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya shabaha. Greni 143 kwa mita 820 hivi kwa sekunde. Ukilinganisha nguvu, .30-06 inatoa karibu jouli 3,900 mtutuni na hii inatoa 3,100. Lakini risasi yake ni ndefu na nyembamba, haipotezi mwendo haraka, upepo unaisukuma kidogo kuliko .308, na teke lake ni dogo kwa kiasi ambacho bega lako litakishukuru. Kwa swala pala, tohe, pongo, ngiri, haina shida. Kongoni na palahala, nasema ndiyo ndani ya mita 200, ubavu wazi, risasi yenye kichwa kigumu. Pofu hapana.

Shida yake ni moja na ni ya hapa kwetu: risasi. Kabla hujachagua kaliba, nenda kwa muuzaji mwenye leseni aliye karibu nawe, uliza rafu ina nini mwaka huu na ilikuwa na nini mwaka jana. .30-06, .308 na .375 nimezizoea kuziona. Kaliba ngeni unaweza kuinunua leo ukakaa miezi ukiitafutia chakula chake. Kwa sababu hiyo kwako ningeanza na .308 yenye greni 150, ambayo ni nyepesi begani kuliko .30-06 ya kaka yako.

Na kuna kitu hujakitaja. Kitako cha bunduki ya kaka yako kimepimwa kwa mikono yake. Kikiwa kirefu kwako, unanyoosha shingo, bega halikai, na teke linakupiga kwenye mfupa badala ya kwenye nyama. Fundi wa silaha aliyesajiliwa anaweza kukikata sentimita mbili na kuweka mpira nyuma. Darubini nayo ikae sentimita 9 kutoka jichoni. Nimeona nyusi nyingi zilizopasuliwa na darubini iliyowekwa karibu.

Ukienda shabaha, piga risasi kumi tu siku hiyo. Mtu anayepiga thelathini za nguvu kwa siku moja anajifundisha woga. Halafu mwambie kaka yako akuwekee risasi bila wewe kuangalia, mara nyingine aache chemba tupu. Ukifyatua tupu na mtutu ukaruka wenyewe, utauona woga wako kwa macho na utaanza kuuacha.

Mbuga Nyeusi (Igunga)

Hilo la chemba tupu nalishuhudia. Mimi nilidhani nimeacha kufumba macho mpaka nilipofanyiwa hivyo.

Mrithi wa Nzega

Wakuu habari. Mimi nimepita kimya siku nyingi, leo naomba msaada. Marehemu baba aliacha Brno .30-06 ya zamani, ZKK 600. Taratibu za polisi nimezimaliza, ilikaa kwao muda wote mpaka leseni yangu ilipotoka, sasa iko mikononi mwangu kihalali. Ina darubini ya mara 4 isiyobadilika, kioo kina alama ya ukungu pembeni. Rafiki zangu wananiambia niiuze ninunue ya kisasa, ya plastiki, ya mtutu mzito. Nilipoipiga mara ya kwanza mita 100, risasi tano zimetawanyika upana wa sahani ya wali. Je, mtutu umekufa?

Msoma Nyayo (Sikonge)

Pole kwa msiba wa baba, na asante kwa kuiacha polisi mpaka leseni ikatoka. Wengi huichukua kwanza na kuanza kutafuta karatasi baadaye, na silaha haiendi hivyo: leseni ni ya mtu, na ya marehemu imekwisha naye.

Usiuze. Usiuze mpaka ufanye haya. Ile Brno ina kucha ndefu inayoshika ganda tangu linapotoka magazini mpaka linapotemwa, mtindo wa Mauser wa mwaka 1898, na ni moja ya sababu wawindaji wa zamani waliiamini. Mtutu hufa, ndiyo, ila hufa mwisho. Vingine hufa kwanza.

Hakikisha chemba na magazini ni tupu, angalia mara mbili, hata kama umeangalia. Shika darubini kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, tikisa kama unayemwamsha mtu. Ukihisi chochote, hata kidogo, umepata mkosaji. Pete za darubini kwenye Brno zinakaa kwenye mkato wa mgongo wa bunduki yenyewe, na skrubu zake hulegea kwa kusafirishwa kwenye gari. Kaza kwa zamu, moja hapa moja kule, usiikamue moja mpaka mwisho. Kisha angalia skrubu mbili kubwa zinazoshika chuma kwenye mti, chini, mbele na nyuma ya magazini. Mti wa zamani ukikauka unasinyaa na zile skrubu zinabaki zinaning'inia. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mti: kikikwama mahali, mti umepinda na unausukuma mtutu kila ukipata joto.

Halafu safisha mtutu. Vizuri, mpaka kitambaa kitoke bila rangi ya kijani. Rangi hiyo ni shaba ya risasi za miaka yote ya mzee. Huenda ikakuchukua siku tatu.

Darubini yenye ukungu ndani haiponi. Hewa kavu iliyofungiwa humo imetoka. Hapo tumia pesa, nunua ya mara 3 hadi 9, hata sio ghali, ila iwe mpya kutoka kwa muuzaji wa kweli. Wa bandia wanauza darubini zenye majina makubwa ambazo msalaba wake unahama kwa teke la pili.

Kuiseti: anza mita 25 ili upate karatasi, kisha 100. Piga tatu, usipige moja ukageuza. Tafuta katikati ya zile tatu ndipo ugeuze vifundo. Darubini nyingi za uwindaji kliki moja ni robo ya dakika ya pembe, ambayo mita 100 ni milimita 7 hivi. Zile zenye vipimo vya mili, kliki ni sentimita moja. Acha mtutu upoe mpaka unaweza kuushika, maana Tabora ina jua na chuma cheusi kinakaa na joto. Na risasi zisikae kwenye dashibodi ya gari, baruti ikipata moto sana presha inapanda na risasi inakwenda mahali pengine.

Ukimaliza, nakushauri uiseti ipige sentimita 5 hivi juu ya unapolenga hapo mita 100. Kwa .30-06 ya greni 180 hiyo inaifanya risasi ipige palepale unapolenga karibu na mita 200, na ukifika 250 umeshuka sentimita 12 tu. Hutageuza kifundo chochote porini. Kongoni akiwa ndani ya mita 230 unaweka msalaba katikati ya bega, basi.

Watu watakuuliza kuhusu mwinuko. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo kuliko Dar es Salaam. Kwa umbali wako hautaona tofauti. Ila iseti hapa unakowindia, sio kule ulikoinunulia darubini, maana safari yenyewe ya barabara inatosha kuihamisha.

Sasa la mwisho na ndilo muhimu. Chukua sahani ya bati ya kulia, zile za sentimita 22 hivi. Hiyo ndiyo sehemu ya uhai ya swala pala, moyo na mapafu. Iweke mita 100, piga tano ukiwa umekaa na fimbo, namna utakavyopiga porini, bila meza na bila mfuko wa mchanga. Zote tano zikiingia, sogeza 150. Kisha 200. Mahali ambapo risasi ya kwanza itatoka nje ya sahani, rudi kuelekea sahani hatua hamsini na uandike umbali huo kwenye kitako kwa penseli. Utuletee namba hiyo hapa.

Mwana wa Malagarasi (Kasulu)

Na mimi nitaipiga hiyo sahani. Sijawahi kujipima bila dungu.

Mrithi wa Nzega

Wakuu nimerudi, ni wiki tatu sasa. Skrubu ya mbele ya chini ilikuwa inazunguka kwa vidole vyangu, bila bisibisi. Pete ya nyuma nayo ilikuwa imelegea. Mtutu umenichukua siku nne na vitambaa sijui vingapi, vyote kijani. Darubini nimenunua mpya ya mara 3 hadi 9.

Mita 100 nikiwa kwenye mfuko wa mchanga, risasi tatu zimeingia upana wa sanduku la kiberiti. Mtutu wa mzee uko hai.

Sahani: mita 100 zote tano. Mita 150 zote tano. Mita 200 nne ziliingia, ya tano ilikwenda pembeni kulia na ninajua niliivuta, niliiona kabla haijatoka. Nikarudi hatua hamsini. Nimeandika 160 kwenye kitako. Nilipokuwa naandika nikaona chini yake kuna maandishi mengine ya penseli yaliyofifia, mkono wa baba. Ameandika 150.

Msoma Nyayo (Sikonge)

Usiifute hiyo.